Roboti Hanywi Chai

Katika anime ile, katuni ya Kijapani, kila kitu kilijulikana kabla hakijatokea. Mvua ikinyesha, msichana roboti ataingiwa na maji na kuzimika. Kijana atambeba mgongoni mpaka karakana. Akiwashwa tena, atafumbua jicho moja na kuuliza, "Huu ndio moyo?" Watazamaji walilia kila wiki, Mungu awape subira.

Chiriku ndiye aliyemsemea roboti huyo kwa Kiswahili. Jina hilo walimbandika kazini kwa sababu ya domo lake, naye hakukasirika. Kijana alisemewa na Besi, mwanamume mpole mwenye sauti ya kutoka tumboni. Mwanzoni walitazama picha kwanza, kisha ndiyo wakarekodi, kama kazi inavyotaka. Baadaye Chiriku akaona ni kupoteza muda. Alisimama mbele ya maiki, akamwangalia Besi badala ya kioo cha picha, na maneno yakaingia mdomoni mwa roboti sawasawa. Fundi sauti alinung'unika weee, mwishowe akachoka.

Siku ya kurekodi sehemu ya mwisho Chiriku hakuwa na raha. Besi alikuwa amepata kazi ya redio mji mwingine, na wiki hiyo hiyo alikuwa anahama. Chiriku alimpenda. Hilo alilijua vizuri, na alijua pia Besi angejibu nini akiambiwa: angecheka kwa upole, angesema, "Wewe ni dada yangu." Basi akapiga moyo konde, akanyamaza, yeye ambaye hata usingizini huongea.

Kwenye picha, kijana alikuwa stesheni na begi lake. Besi akasoma, "Haya, mimi nakwenda. Jitunze."

Chiriku hakuangalia karatasi. Hapo roboti hulia na kubembeleza, nani asiyejua?

"Usiende," akasema. "Ukienda, chai nitakunywa na nani?"

Fundi akasimamisha mashine. "Chiriku, una nini leo? Roboti hanywi chai! Halafu hapo hana hata neno moja. Tazama, mdomo umefungwa. Anapunga mkono, basi."

Chiriku akatazama. Kweli, waandishi wale walikuwa wamemwacha roboti kimya. Uso ukamwaka moto.

Besi akavua hedifoni. "Ulikuwa unaniambia mimi?"

"Sasa nani mwingine?"

"Mbona siku zote hukusema?"

"Nilijua utakachojibu."

"Nani kakwambia?" Sauti yake ya upole ilikuwa imeingia ukali. "Walipoleta mkataba nilikaa nao bila kuusaini, nakuja hapa kila asubuhi, nangoja useme nisiende. Wewe ukanipa hongera."

"Na wewe huna mdomo?"

"Ninao. Mimi ni mwoga."

"Basi usiende."

"Nimeshasaini, Chiriku. Nyumba nimeshairudisha kwa mwenyewe."

Fundi, maskini, alijifanya anahangaika na waya. Hatimaye akakohoa. "Jamani, kazi inatakiwa kesho. Turudie. Chiriku, hapo wewe pumua tu."

Wakarudia. Besi akasoma, "Haya, mimi nakwenda. Jitunze." Safari hii Chiriku alikazia macho kioo, akamwona roboti akiinua mkono. Akapumua. Pumzi ilitoka na kwikwi ya kilio ambayo roboti hawezi kuwa nayo, lakini fundi hakumsimamisha.