Masaa Mia na Ishirini ya Kananu

Saa kumi na mbili asubuhi Kananu alikuwa ameshajaza ndoo mbili za mishiri, na mistari tisa bado. Mishiri haina huruma. Haya maharagwe membamba ya kupelekwa ng'ambo, ukiruka siku moja tu bila kuyachuma, yashanenepa, na yule karani wa kibanda cha kupimia pale Ruiri atakusukumia ndoo yako na kukwambia, "Mama, hizi pelekea ng'ombe." Mavuno ni wiki nne basi. Kananu alikuwa amebakiza tatu na ushee, na hizo tatu serikali ilikuwa imempangia kazi nyingine.

Akanawa miguu kwa mfereji, akavaa gambuti, akabeba slasha ya kufyekea begani, akashuka kwenda dispensari kuanza kifungo chake.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka uliopita bomba la mradi wa maji lilikatwa mchana peupe. Mutugi, mwenyekiti wa mradi, alikuwa na ugomvi wa malisho na Liban, muuza mbuzi, na akaona hapo ndipo pa kummalizia. Akaingia jikoni kwa Kananu, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Utasema ulimwona Liban akikata. Ama mfereji wako nifunge, tuone utanyunyizia mishiri mate."

Kananu akaenda kortini, akainua Biblia, akasema alimwona Liban na panga, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Kumbe Jumanne hiyo, saa nne, alikuwa kibandani akipimiwa mishiri, na alama ya kidole chake iko kwa kitabu. Kitabu kikaletwa, karani akaletwa. Liban, aliyekuwa amelala rumande wiki tatu, akaachiliwa. Kesi yake ikaisha, ya Kananu ikaanza.

Kananu hakuzunguka. "Nilidanganya," alimwambia hakimu, na akamtaja aliyemtuma. Kiongozi wa mashtaka akatikisa kichwa. Kumshtaki mtu kwa kumtuma shahidi adanganye, alisema, kunataka ushahidi zaidi ya neno la mtu mmoja, na jikoni mlikuwa wangapi? Wawili. Basi Mutugi akaenda kula chakula cha mchana, na Kananu akaelezwa kwamba kiapo cha uongo kinaweza kumweka ndani hadi miaka saba. Lakini kwa kuwa amekiri mwenyewe na hana kosa lingine, atafanya kazi ya jamii, masaa mia na ishirini, masaa nane kwa siku. Ni siku kumi na tano hizo. Ukitoa Jumamosi na Jumapili, wiki tatu kamili. Mavuno yote.

Dispensari alimkuta Maxine, afisa wa probesheni, msichana wa mjini mwenye raba nyeupe, ameshika fomu. Kando yake alisimama mzee Salesio, mtunza uwanja, aliyepewa kazi ya kumsimamia.

"Mama Kananu, umefika mapema," Maxine alisema. "Utafyeka, utachimba mtaro, utapaka mawe chokaa. Kila jioni mzee anaweka sahihi."

Kabla hajamaliza, walisikia wimbo ukipanda kutoka barabarani. Wanawake kumi na wanne, majembe begani, sufuria ya githeri kichwani kwa mmoja, na mbele yao Kanana, mwenyekiti wa kikundi, akipiga makofi. Wanawake hawa hulimiana kwa zamu. Leo wote wanaingia shamba la mmoja, jioni limeisha; wiki ijayo kwa mwingine. Wiki hii ilikuwa zamu ya Kananu, naye alikuwa amewaambia hana nafasi ya shamba, ana kifungo. Kanana akamjibu, basi tutalima kifungo.

"Hawa ni nani?" Maxine aliuliza.

"Ni masaa," Kanana alisema. "Madam, hesabu. Na yeye tuko kumi na tano. Mara nane?"

Maxine alihesabu, ingawa hakutaka. "Mia na ishirini. Lakini mama, kifungo si shamba!"

"Kiko na nyasi ama hakina?"

Salesio akageuka kando akicheka ndani ya kofia.

Wakaingia kazini. Maxine alikuwa bado anapekua karatasi akitafuta sheria ya kuwakataza, lango likalia, akaingia Liban na slasha mpya. Wimbo ukakatika. Kananu akainama, hakujua aweke macho wapi.

"Ulisema nakata," Liban alimwambia. "Leo nimekuja kukata."

"Wa kumi na sita!" Kanana akapaza sauti. "Sasa korti ndiyo inadaiwa na sisi, masaa nane!" Kicheko kikapanda mpaka wagonjwa wakachungulia dirishani.

Saa saba Mutugi alipita na pikipiki, akapunguza mwendo aone.

"Mwenyekiti! Shuka, jembe lako tumekuwekea!" Kanana akamwita.

Hakushuka. Vumbi lake lilikuwa halijatulia na wao wameshageukia githeri.

Kufika saa kumi nyasi zilikuwa zimeisha, mtaro umefika barabarani, mawe yanang'aa kwa chokaa, choo kimesuguliwa, ua umefungwa waya palipokuwa na pengo. Maxine akaja na fomu.

"Nimeona, na mmenifurahisha," alisema, "lakini sheria ni sheria. Naandika masaa nane, ya Kananu peke yake. Yamebaki mia na kumi na mawili. Kesho saa mbili."

Kananu aliiona mishiri yake ikinenepa, mstari kwa mstari.

"Kesho afanye nini?" Salesio aliuliza.

"Afyeke."

"Afyeke nini, madam?"

Maxine akatazama uwanja, upande huu na upande ule. Hakukuwa na jani la kufyeka.

"Kwa fomu kuna mahali pa kazi iliyobaki," mzee akaendelea. "Mimi ndiye naandika hapo. Nitaandika hakuna. Ama unataka na mimi nidanganye serikali?"

"Basi itabidi nirudishe faili kortini wamtafutie mahali pengine."

"Na hiyo huchukua muda gani?" Kanana aliuliza.

Maxine aliuma kalamu. "Ile ya mwisho niliipeleka mwezi wa pili."

"Na huu ni wa?"

"Wa sita." Akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta. "Nenda nyumbani, mama. Ungoje kuitwa."

"Nikiitwa nitakuja," Kananu alisema, bila kucheka. "Hayo masaa ni yangu. Ni mimi nilidanganya."

Lori la mishiri huondoka saa kumi na mbili jioni. Wanawake walikuwa wameshabeba majembe, wengine wanapanda mbio kuelekea shamba la Kananu. Liban alibaki nyuma, akatembea naye.

"Na zile wiki zangu tatu za rumande," alisema, "ni nani atanirudishia?"

Kananu alitafuta jibu njia nzima mpaka shambani.

"Hakuna," akasema. "Sijui korti gani inaweza."

Liban aliangalia mistari ile tisa, kila mmoja sasa una wanawake wakichuma na kupigiana kelele. Akakunja mikono ya shati.

"Haya. Nionyeshe mstari wangu."