Robo Kilo Iliyopotea

Mtaani walimwita Mizani, na jina lilimkaa. Muuza nyama yule hakumpunja mteja hata gramu moja, na robo kilo ikipungua buchani kwake, alijua moja kwa moja kuna mwizi. Mwaka jana alimng'oa mkata nyama wake jino kwa robo ya maini.

Siku ya tatu baada ya mkewe kujifungua, alimbeba kichanga mpaka buchani, akafuta damu kwenye sahani ya mizani, akamlaza. Mtoto alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili. Sasa alikuwa na mbili, mia tisa na hamsini.

"Robo kilo ya mwanangu iko wapi?" alimuuliza mkewe aliporudi.

Mke alidhani ni utani, akacheka. Kibao kikamfika kabla kicheko hakijaisha, cha pili kikamtupa kwenye ukingo wa kitanda, nyusi ikapasuka. Haya, mwanamume mzima na akili zake timamu anamdai mzazi wa siku tatu nyama.

Kesho yake mke alikwenda kliniki na mtoto, jicho limevimba hadi likafumba. Nesi, mama wa makamo, hakuuliza nani kafanya. Alimpima mtoto, kisha akamwonyesha mama jinsi ya kumpakata: kidevu kiguse titi, mdomo upanuke, ashike na weusi wa titi, si chuchu peke yake. Wakasikiliza wote wawili mpaka mtoto akaanza kumeza.

"Mdogo wangu, kila kichanga hupungua siku za mwanzo," nesi alisema. "Ni maji tu yanatoka. Mnyonyeshe kila anapotaka, ndani ya wiki mbili atakuwa amerudi palepale. Ila maziwa hayataki hofu. Ukiogopa, yanagoma kushuka."

Akampigia Mizani simu. "Shemeji, nyama ikilala imetundikwa, asubuhi si hupungua?"

"Hupungua."

"Nani kaiba?"

Mizani akacheka, akashukuru, akasema ameelewa. Jioni akafunga mlango kwa komeo, akavua mkanda.

"Mambo ya chumbani kwangu unayapeleka kliniki?"

Alimchapa mpaka mkanda ukakatika, akamalizia kwa mateke. Baadaye mtoto alinyonya titi lisilotoa kitu, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mbavu zilimuuma mama yule, lakini hilo ndilo lililomuuma zaidi: mwanawe angeweza kufa njaa juu ya kifua chake mwenyewe.

Siku ya sita Mizani alikuja na mizani ya kutundika, ile ya ndoana. Akaifunga kwenye boriti ya jikoni, akamtia mtoto ndani ya shuka, akapiga fundo, akamning'iniza. Kilo mbili na gramu mia tisa. Zimepotea hamsini nyingine.

"Leo utasema unazipeleka wapi," alisema.

Hakumshusha. Alimwacha mtoto akining'inia juu ya sakafu ya saruji, akamgeukia mkewe na ngumi ya tumbo, tumbo lile ambalo bado halijapoa uzazi. Mke akaanguka ubavuni mwa kinu. Kutoka pale chini akaona fundo linateleza, na mguu mdogo umeshachomoza nje ya shuka.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwanamke aliinuka na mchi. Mizani alikuwa amesimama kati yake na mtoto, kwa hiyo pigo la kwanza likatua kwenye mkono wake wa kulia, na mfupa ukalia kama kuni kavu. La pili lilikuwa la goti. Alipoanguka, mke alimruka, akamdaka mwanawe fundo likiachia. Kisha akatoka pekupeku mpaka kliniki.

Nesi alimpa kitanda wodini. Siku mbili za kwanza alishtuka kila mlango ulipofunguka. Ya tatu maziwa yakashuka mpaka yakalowesha gauni, naye akalia kwa furaha.

Wiki mbili zilipotimia, mtoto alipimwa. Mizani alikuwa kwenye benchi la korido, amekuja kukaguliwa plasta ya mkono.

"Ngapi?" alimuuliza mkewe akipita.

"Tatu na mia mbili. Imerudi yote."

"Kwani ulikuwa umeiweka wapi?"

Mke alisimama, akaitazama ile plasta.

"Ulikuwa unatafuta mwizi," alisema. "Nilimpata, nikamvunja mkono."

Akaingia wodini, maana mtoto alikuwa ameshaanza kutafuta titi.