Barabara Ikiwa Tupu

Jumanne, saa sita na dakika ishirini, Mwalimu Akoru aliwapanga wanafunzi thelathini na mmoja wa gredi ya tatu kando ya lami, wawili wawili, wakiwa wameshikana mikono, na wa mwisho peke yake. Shule ilikuwa nyuma yao. Ng'ambo ya barabara itokayo Lodwar kupitia Kakuma yalikuwa makazi yao na chakula cha mchana. Wiki nzima walikuwa wamefanya mazoezi uwanjani, kwenye barabara aliyoichora kwa majivu, na kila mmoja aliikariri kanuni bila kukosea: simama, tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, barabara ikiwa tupu, vuka kwa kutembea, usikimbie kamwe. Kanuni hiyo ilitungwa baada ya Chuol, mwenzao wa gredi hiyo, kukimbia mbele ya lori mwezi wa pili. Wazazi nao waliikubali mkutanoni kwa kutia vidole gumba kwenye karatasi.

Lori la kwanza lilipita likielekea Sudan Kusini. Likafuata la pili. Watoto walitazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Likafuata la mia moja na sita. Jua lilipotua, Mwalimu Akoru aliita majina, akakuta wote wapo, akawarudisha darasani kulala.

Asubuhi malori yalikuwa yangali yanapita, yaliyojaa yakipanda na matupu yakishuka. Mwezi ukaisha. Namba za usajili zilifika herufi za mwisho, zikaanza upya. Ubao ulihamishiwa kando ya lami, kwa kuwa ilikuwa busara kukaa tayari, na masomo yakaendelea, isipokuwa imla, iliyofutwa kwa sababu ya kelele. Chakula kililetwa na mbuzi. Kina mama waliwafunga shingoni vibuyu vya maziwa na vifuko vya githeri, nao mbuzi, ambao hawakuwa na elimu yoyote, walikimbia. Wengi walifika.

Wiki ya sita, mama yake Adhar, Nyibol, alijifungua ng'ambo. Adhar alikuwa na miaka tisa na alisimama mstari wa mbele. Habari zilimfikia kwa vipande, kati ya lori na lori.

"Adhar! Ni msichana!"

Malori manne.

"Jina yake Abuk!"

Adhar aliuliza kwa sauti mtoto anafanana na nani. Jibu lilifika baada ya malori kumi na mawili.

"Wewe! Mdomo kubwa!"

Darasa lilicheka. Adhar hakucheka. "Mwalimu, nafasi ipo," alisema. "Nikikimbia nitafika."

"Kanuni inasemaje?"

"Usikimbie kamwe."

"Vizuri. Kaa."

Mwalimu Akoru aliiandikia ofisi ya barabara barua kuomba matuta mawili ya kupunguza mwendo wa malori. Afisa mmoja alikuja kumjibu ana kwa ana, lakini gari lake lilikuwa limenaswa katikati ya msafara na halikuweza kusimama. Alishusha kioo. "Mwalimu, kuhusu matuta yako," alisema, akapita. Siku nne baadaye alirudi akitokea Lokichogio. "Ombi tumelipokea," alisema. Mara ya tatu alieleza kwamba matuta yangechelewesha mizigo. Mara ya nne alikuwa amefuga ndevu, akapunga mkono tu.

"Ejok, mwalimu!" tanboi mmoja wa lori alipaza sauti akiwa juu ya turubai. "Bado mko? Mtazeeka hapo na daftari!"

"Ejok," Mwalimu Akoru alimjibu, kwa kuwa salamu ni salamu.

Mwalimu Mkuu Ekwam, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa shule, alikuja kuwatazama. Sare za watoto zilikuwa zimepanda juu ya magoti. "Mwalimu, si uwaachilie tu wakimbie? Mbuzi wanafika."

"Si wote," alisema Mwalimu Akoru.

Alikuwa ameshapima. Mwanya kati ya lori na lori ulidumu sekunde nne. Mbuzi alihitaji tatu. Adhar alihitaji tano.

Mwezi wa kumi na nne, Abuk alianza kutembea. Alitoka mlangoni akaifuata lami moja kwa moja, kwa sababu huko ndiko sauti ya dada yake ilikotoka tangu azaliwe. Nyibol alikuwa ameinama akimfunga mbuzi kibuyu. Mwalimu Akoru alimwona mtoto. Aliweka mguu mmoja kwenye lami, honi ikamrudisha.

"Abuk! Simama!" Adhar alipiga kelele.

Mtoto alisimama, vidole vya miguu vikiwa ukingoni mwa lami.

"Tazama kulia!"

Abuk hakujua kulia ni wapi. Adhar, kwa kuwa walikuwa wameelekeana, aliinua mkono wake wa kushoto, kama afanyavyo mwalimu mzuri. Mtoto aligeuza kichwa. Kisha upande wa pili. Kisha tena. Malori yalipita katikati yao, na kila mwanya ulipofunguka, Abuk alikuwa bado amesimama. Nyibol alifika mbio, akamshika mkono, naye akasimama.

Kufikia Ijumaa, watoto wote wadogo wa ng'ambo walikuwa wamejipanga nyuma ya Abuk, wawili wawili. Mwalimu Akoru alifungua rejista, akaweka rula chini ya jina la thelathini na moja, akachora mstari mpya. Aliandika la thelathini na mbili, Abuk, kwa mwandiko wake wa kawaida, akatia alama ya kuhudhuria.