Mwisho wa Filamu ya Birika

Mzee aliingia chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani akiwa ameibana kanda yake kwapani, moyo unamdunda. Jamani, ungekuwa wewe usingedundwa? Filamu uliyotengeneza ujanani, ikachekwa mpaka na muuza tiketi, leo unasikia ina chama cha mashabiki! Wanachama wenyewe walikuwa wamebanana kati ya marobota ya vitambaa, macho kwenye televisheni, wanaitazama kwa mara isiyohesabika.

Filamu ni hii: mwanamume anakaa jikoni akisubiri birika lichemke. Halichemki. Anasubiri weee, mpaka mlango unagongwa, anainuka, anashika kitasa, na hapo kanda ya chama inakatika, kwa sababu aliyeinunua mwanzo alirekodia mpira wa miguu juu ya kipande kilichobaki.

"Mnawaona wakongwe wa filamu za kimya hapo?" alisema daktari wa meno. "Huyu mtengenezaji amewanyonya mpaka tone la mwisho."

"Wakongwe wapi! Huyu ameathiriwa na njaa," dereva wa lori akamkata kauli. "Mtu aliyeshiba hatazami birika muda wote huo."

Mzee akakohoa. "Samahanini. Mtengenezaji ni mimi."

Unadhani walianguka kwa mshangao? Thubutu! Fundi cherehani, ambaye ndiye mwenyekiti, alimsogezea stuli tu. "Karibu, baba. Ila humu mtengenezaji ni mwanachama kama wengine. Zamu yako ya kutoa maoni utapewa."

"Sikuja na maoni, mwanangu. Nimekuja na mwisho wake."

Daktari wa meno akaruka, akasimama mbele ya deki na kutanua mikono.

"Mzee wetu," dereva akasema kwa upole, "mimi na shemeji yangu hatusalimiani kwa sababu ya huyo anayegonga mlango. Mimi nasema ni polisi, yeye anasema ni upepo. Ukituonyesha, tutagombania nini?"

Mzee birika lenyewe hakulijali. Katika filamu nzima mkewe anaonekana hapo mwishoni tu, na mkewe sasa ni marehemu, wala hakuna picha nyingine inayomwonyesha akicheka. Alitaka angalau mtu mmoja amwone kabla yeye mwenyewe hajamfuata. Basi.

"Anayegonga ni mke wangu," alisema. "Anaingia, anatazama birika, anatazama jiko, kumbe mume hakuwasha moto. Anacheka. Ndivyo nilivyokuwa nyumbani, msahaulifu kupindukia. Hakuna mkongwe aliyeniathiri mimi, ni yeye na kicheko chake."

Wakatazamana.

"Hoja nyepesi," daktari wa meno akatoa hukumu. "Hujamwelewa mtengenezaji, mzee wangu."

"Eti moto haujawashwa!" dereva akaguna. "Filamu nzima?"

Wakapiga kura kwa kuinua mikono kama mwisho huo ukubaliwe, hoja ikaanguka. Mzee alisahau kuinua wa kwake.

Aliinuka na kanda yake. Hakika aliumia. Alipofika mlangoni, fundi cherehani akamshika mkono wa koti.

"Baba, tuseme ni kweli. Tuseme tu. Alikuwa anachekaje?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu. "Anaanza bila sauti. Mabega kwanza. Halafu anajishika ukutani, halafu kicheko kinamtoka kidogo kidogo, kama anakionea aibu."

"Hivi?" Fundi akajishika kabati, akatikisa mabega.

"Hapana, huyo ana kikohozi."

"Hebu pisha hapo," akasema dereva, akaangua kicheko kilichotikisa madirisha.

"Loo! Wewe unafukuza wezi."

"Mnakosea mdomo nyie," daktari wa meno akasema, akivua miwani. "Mzee, meno ya chini yalionekana?"

"Yalionekana. Na pengo moja."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Mzee akarudi kuketi, kanda mapajani, machozi yanamtiririka wala hana habari nayo. Chumba kizima kilikuwa kimejishika ukutani, mabega yanacheza. Walicheka mmoja baada ya mwingine, naye akawakataa mmoja baada ya mwingine. Kisha daktari wa meno akafumba macho, akatikisika kimya, akauvuta mdomo kushoto, akatoa kicheko kidogo chenye kukatika katikati.

Mzee akainuka mzimamzima.

"Hicho!" akapiga kelele. "Hicho hicho! Rudia, mwanangu, rudia!"