Tusi la Mzee Kastulus

Kuanzia adhuhuri ya Sikukuu ya Watakatifu Wote hadi kengele ya kwanza ya Siku ya Marehemu, hakuna anayetukana kijijini Hinterlaim. Siku nyingine matusi ni chumvi; hata padri huitukana baiskeli yake. Lakini saa hizo roho zimerudi majumbani, na anayetamka tusi la marehemu amemfungulia mlango kwa mkono wake.

Quirin alilijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana alasiri ile alikuwa amepiga magoti zizini, akimbembeleza ng'ombe.

"Simama, Gams. Tafadhali, mama, simama."

Gams alikuwa amezaa jana, na tangu hapo hakuinuka. Daktari wa mifugo alimchoma sindano, akanawa mikono, akasema, "Dawa imeshafanya kazi. Kilichobaki ni ukaidi. Asiposimama kabla ya kengele ya jioni, mwiteni mchinjaji." Ndama alikuwa pembeni, miguu ikimtetemeka, akitafuta chuchu ambazo mama yake alikuwa amezilalia.

Burgi, dada yake Quirin, aliingia na ndoo ya maji. Unga wa mkate wa roho, unaookwa kwa ajili ya marehemu, ulikuwa bado umemganda vidoleni.

"Bado unamwambia tafadhali?"

"Nimwambie nini, basi?"

"Miaka kumi na miwili hajawahi kulisikia neno hilo. Baba alimwamsha kwa matusi, akamkamua kwa matusi, akamlaza kwa matusi. Anadhani unaongea na mtu mwingine."

"Mtukane wewe."

"Mimi? Leo?" Burgi alifanya ishara ya msalaba. "Halafu sauti ya baba unayo wewe, mjinga we..." Akajiziba mdomo.

Baba yao, Mzee Kastulus, alizikwa mwezi wa tatu. Enzi za uhai wake, matusi yake yalisikika hadi kwenye kiwanda cha mbao. Alianza na vitu vya kanisani, kimoja baada ya kingine, akapanda mbinguni, kisha akashuka na radi hadi kwa mifugo. Naye Quirin aliitwa na baba yake Saubua, kitoto cha nguruwe, na mtoto alijifunika neno hilo kama blanketi.

Siku Quirin aliposema kwamba hataki shamba, anakwenda Munich kuchora madaraja, mzee alinyamaza. Tangu hapo akawa na adabu. "Karibu, Bwana Mhandisi. Bwana Mhandisi atakunywa kahawa?" Miaka tisa hivyo hivyo. Hata kitanda cha mauti hakikumlegeza. "Asante kwa kufika, Bwana," alisema, akageukia ukutani. Akafa na adabu yake.

Quirin hakuogopa baba yake arudi. Aliogopa arudi amwite Bwana.

Dirishani mwanga ulikuwa unafifia. Ndama alilia mara moja, akanyamaza, akapiga magoti.

"Kruzifix," Quirin alilitamka polepole tusi la kwanza la baba yake, kama mtu anayeonja maji kwa kidole cha mguu.

Sikio la Gams likacheza.

"Quirin, acha!"

"Kruzifix! Sakrament! Simama, gunia la mavi we! Kizee cha kuzimu! Unataka nikuletee mto? Mwanao anakufa njaa, nawe umekikalia chakula chake kama mke wa meya alivyokalia benchi la mbele kanisani! Simama, radi ikupige, simama!"

Katikati ya maneno hayo sauti iliacha kuwa yake. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Alipofunga mdomo, zizi lilikuwa baridi ghafla, na palinuka ugoro ambao yeye hajawahi kuuvuta.

Gams aliinua kichwa. Hakumtazama Quirin. Alitazama nyuma ya bega lake.

"Shika mkia, Saubua! Unamkodolea macho kama sanamu ya mtakatifu?"

Quirin hakugeuka. Aliushika mkia shinani, akauinua kwa nguvu zote. Gams akanyanyua nyonga, akayumba, akajitupa mbele, akasimama. Quirin alimsukuma ndama hadi akapata chuchu. Bado hakugeuka. Machozi yalimdondokea midomoni naye akayaacha.

Burgi alikuwa ameegemea ukuta, ndoo imemwagika miguuni pake.

"Ulikuwa wewe," alinong'ona. "Sema ulikuwa wewe."

"Mimi nilikuwa nimefunga mdomo."

"Najua," alisema Burgi. "Nilikuwa nakutazama."

Jioni hiyo waliweka sahani tatu, wakala bila kuitazama ya tatu.

Asubuhi, kengele ya kwanza ilipolia, Quirin alisimama uani bila kofia. Geti la shamba lilikuwa limekwama wazi tangu siku ya mazishi. Wanaume wawili walishindwa kulisogeza.

"Haya, nenda, mzee kichwa maji," alisema. "Dume la ng'ombe lisilo na pembe. Nenda, na ufunge geti."

Hapakuwa na upepo. Bawaba zililia, na geti likajifunga kwa kishindo.