Nikisema, Nasimama

...na huyu binti wa mazoezi anadhani sikumsikia, anarudia kwa sauti ya kubembelezea watoto, "Bibi, usisimame, tembea huku unanitajia wanyama," wanyama, wanyama gani tena, ng'ombe, nimesema ng'ombe na miguu imegoma, nimesema mbuzi nikajikuta nimelikumbatia bomba la kushikilia ukutani kama mlevi, loo, na sakafu yenyewe ya hospitali wameing'arisha mpaka sijui wapi kigae wapi maji, nyayo zimekufa ganzi, nakanyaga kama nimevaa godoro... mara ya kwanza nilipita kimya, mgongo wima, akaniambia safi sana, kumbe alikuwa ananitegea hii ya pili. Nisipoiweza najua ninakokwenda, kifungua mimba wangu ameshanipeleka kupaona, nyumba ya wazee, kitanda kimetandikwa plastiki, mzee mmoja amefungwa kitini kwa shuka anamwita mama yake, mlezi anampita na ndoo kama hasikii, "Ni pazuri, mama, pana hewa," hewa! kwangu hakuna hewa? nyumba tuliyojenga mimi na marehemu, chumba changu juu, dirisha langu, yeye na mumewe chini, walikuja kwa muda na huo muda haujaisha mpaka leo... mwanangu alisema huyu binti mtaalamu akinipitisha nabaki chumbani kwangu, asiponipitisha basi, na alikuwa anakata kucha aliposema hivyo, hata macho hakuinua. Mbwa, paka... nimesimama tena. Mimi! Mimi niliyekuwa opereta wa simu, mkono huu unachomeka waya, huu unachomoa, sikioni mkurugenzi anafoka, laini ya pili mwanamke analia amekatiwa, mdomo unasema subiri nakuunganisha, na mguu unausukuma mlango usije ukapigwa na upepo, vyote kwa mpigo, na bado nafasi ya kumsengenya msimamizi ilipatikana, leo kumtaja punda mpaka nishike ukuta. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, wangu unaponza miguu. Na tabia ya kazi haijanitoka, taa ikiwaka unajibu, una chai mdomoni unajibu, ndiyo maana siku ile kwenye ngazi... nilikuwa nashuka vizuri, mkono kwenye mbao, kifungua mimba akaita kutoka jikoni, "Mama, umemeza dawa?" nami nikageuza shingo, nikafungua mdomo, neno lenyewe halijatoka mguu ukakanyaga hewa... nyonga. Hospitali. Yeye analia mpaka wauguzi wakamletea kiti, mimi niliyevunjika sikuletewa hata maji.

Sasa wananong'ona pale mwisho wa korido, wanadhani sina masikio, la kushoto kweli lilikufa, lilichoshwa na maneno ya watu, lakini la kulia bado linadaka. "Umeona?" mtaalamu anamwambia mwanangu, "akisema anasimama, akilazimisha anayumba. Wazee wengi wako hivi, akili haigawanyiki tena. Asisemeshwe akiwa kwenye ngazi." Na mwanangu, niliyemnyonyesha mimi, anajibu taratibu, "Hilo nalijua. Nililiona hata kabla hajaanguka." Kabla. Amesema kabla. Mtaalamu anaandika tu, hakushtuka, kwake ni neno kama maneno mengine... Subiri kwanza. Mchana kutwa nakaa kwenye kiti changu, hana neno na mimi, ananipita kama kabati, nikishika ngazi ndipo maswali yanamjaa, mama umefunga dirisha, mama yule shangazi aliyefariki alikuwa anaitwa nani, mama hujambo, hujambo! tangu asubuhi hakunijulia hali, ananijulia nikiwa na mguu mmoja juu. Na mimi nikadhani ni mapenzi. Mjinga mimi, nilifurahi, nilikuwa nashuka ngazi bila haja yoyote ya kwenda chini, nashuka tu ili aniite. Ya Rabi, huyu nilimzaa au nilimfuga? Kikulacho ki nguoni mwako, tulikuwa tunaiimba shuleni tunacheka.

"Bibi, mara ya mwisho, uje mpaka hapa, nitakuuliza maswali mepesi," na kifungua mimba anamshika mkono mtaalamu, "Niachie mimi nimuulize, sauti yangu ameizoea," ameizoea! anasimama mwisho wa korido, amekunja mikono kifuani, anatabasamu, tabasamu la baba yake, hata hilo amelichukua. Nimeachia bomba. Mguu wa kulia mbele, nyonga inachoma, wa kushoto, haya, wa kulia. "Mama, leo siku gani?" Naijua. Naijua siku, najua na siku uliyozaliwa, najua ulivyonichana ukitoka. Nikijibu nitaanguka hapa miguuni pako, nisipojibu wataandika akili imekwenda, na kitanda kile kinanisubiri, kote umeshashinda, na nikimwambia huyu binti unachonifanyia ataandika bibi anawashuku wanawe, hata hiyo wanayo kwenye dalili zao, nilimsikia akimuuliza mtoto wa mgonjwa aliyetangulia, anawasingizia watu wa nyumbani? naye akasema ndiyo, kila siku. "Mama? Unanisikia?" Nakusikia, mwanangu. Leo ndiyo nakusikia. Nimebaki katikati, bomba liko mbali, mdomo nimeuuma kwa ndani mpaka naonja damu, "Haonekani kuelewa," anasema mtaalamu, kalamu juu ya karatasi, na mwanangu, kwa upole mwingi, anavuta pumzi aniulize tena.