Upepo Hauna Kosa

"Upepo ndio umeiangusha! Ukikata kona, upepo ukakujia mgongoni, mabawa yanakosa nguvu. Unabisha nini, dogo?"

"Nabisha, braza Shaibu. Umeiangusha wewe. Umepunguza moto wa injini."

Ndege yetu ya kwanza ya rimoti imezama ziwani hapa Kigongo. Ya pili ninayo mkononi. Tunazirusha kulinda vizimba vya samaki vya mama Teodora, wezi wa sato wasije. Na mama keshasema: kama tatizo ni upepo, kazi basi, maana ziwa hili upepo hauishi. Shaibu anataka tukaseme ni upepo. Kwake bora kazi ife kuliko aonekane kakosea.

"Nilipunguza kwa sababu ilikuwa inapita juu ya mawe kama imepagawa!"

"Hayo mawe ndiyo yamekudanganya. Miaka yote umeendesha mitumbwi ya injini unapima mwendo kwa mawe ya ufukweni. Ndege haipimwi hivyo. Enzi za kivuko, kabla ya daraja, ukitembea humo ndani, kwenda mbele au kurudi nyuma, hatua zako si zilezile? Ufukwe tu ndio uliokuwa unauona unakimbia. Sasa ndege, kivuko chake ni upepo. Inabebwa, lakini hewa inayopita kwenye bawa ni ileile. Ukipunguza moto ndio unainyima hewa. Inadondoka."

"Umeishia fomu two, leo unanifundisha?"

"Na wewe umeishia la saba. Tulia uone."

Nikairusha. Ikaenda kinyume na upepo, inasogea kwa shida kama inapanda mlima. Nikaikatisha kona. Hapohapo ikachomoka, mawe yanapita chini yake fyuu.

"Punguza! We Machibya, punguza!"

Hata dole gumba langu lilitaka kupunguza, sidanganyi. Nikalibana. Moto uleule. Ndege ikamaliza kona imetulia, haikushuka hata kidogo. Nikaizungusha tena, na tena, kisha nikaitua kwenye nyasi.

Shaibu akatema mate pembeni. "Umebahatisha. Kwa mama tunasema upepo. Mkubwa hapa ni mimi."

"Ukubwa wako sijaukataa. Uongo wako ndio siubebi."

"Ukienda kusema, usirudi kwangu."

"Basi twende ukaseme mwenyewe."

Shaibu akanipa mgongo. Anaangalia maji tu.

Nikaibana ndege kwapani, nikageuka, nikashika njia ya kwa mama Teodora.